Tobaa ya gari la kifahari si bomba la kuchomelea

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie chuma ambacho siku hizi kinaonekana nyuma ya magari mengi ya kifahari hapa Kisumu, hasa Ijumaa jioni na Jumamosi alfajiri, wakati familia zinaposafiri kwenda mazishini mashambani. Ni kile chuma chenye kichwa cha duara ambacho trela hufungiwa. Mafundi wetu hukiita tobaa, nami nitalitumia neno hilo kwa kuwa ndilo linaloeleweka katika gereji, ingawa sikio la Mswahili husikia toba ndani yake, na mimi mwenyewe nimewahi kuifanya kwa sababu ya chuma hicho.

Gari langu ni Mercedes-Benz E-Class lililoundwa mwaka wa 2008 na kuletwa kutoka Uingereza mwaka wa 2015, yaani ndani ya kikomo cha miaka minane ambacho nchi yetu inaruhusu kwa magari yaliyotumika. Mke wangu alipostaafu ualimu, tulianza biashara ndogo ya kukodisha viti na mahema. Majirani walitushauri tununue pikapu, na huenda walikuwa na haki, lakini gari lilikuwa tayari uani, na injini yake ilikuwa na nguvu kuliko ya pikapu yoyote ambayo tungeweza kumudu. Tukatengenezesha trela ya magurudumu mawili. Kilichobaki kilikuwa ni kuiunganisha na gari, na hapo ndipo nilipokosea.

Fundi wa kuchomelea aliliinamia gari, akalipima kwa macho, akakata bomba la mraba na kulichomelea chini ya sakafu ya buti, karibu na shimo la gurudumu la akiba, kisha akapachika tufe la chuma mwishoni. Kazi ilikwisha alasiri hiyo hiyo. Ili kunithibitishia uimara wake alipanda juu ya bomba akaruka mara tatu, nami nikaridhika na nikamlipa. Miezi mitatu baadaye, tukirejea kutoka mazishini karibu na Chavakali tukiwa na viti na hema nyuma, tulivuka tuta moja la barabarani kwa mwendo wa kawaida kabisa, nikasikia mlio kama wa bati linaloraruliwa. Ulikuwa ni mlio wa bati kweli. Sakafu ya buti ilikuwa imepasuka kufuata ukingo wa mchomeleo, bomba likawa linaning'inia upande mmoja, na trela ikawa imezuiwa na mnyororo wa usalama peke yake. Tulikuwa bado hatujafika Kiboswa. Kila anayeijua barabara hiyo anajua mteremko unaotoka Kiboswa kushuka hadi Mamboleo, na mimi sipendi kufikiria sana kuhusu jinsi mambo yangekuwa kama tuta lile lingekuwa kilomita chache mbele.

Simlaumu sana fundi yule. Hakuniuliza uzani wa trela, lakini hata angeniuliza nisingekuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimesoma, nimeuliza, na nimelala chini ya magari mengi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu, na jambo ninalotaka kulisema kwa wasomaji wenzangu ni kwamba tobaa huchaguliwa kwa kuanza na gari, si kwa kuanza na trela, wala si kwa kuanza na chuma kilichopo katika karakana.

Gari la saluni halina fremu nzito kama ya lori. Sakafu ya buti ni bati jembamba, mara nyingi lisilofikia hata milimita moja kwa unene, na kazi yake ni kubeba mizigo ya abiria kutoka juu, si kuvutwa kwa nyuma na kusukumwa kwa mbele kila breki inapokanyagwa. Nguvu za gari zimo katika mihimili miwili ya pembeni inayopita chini ya bodi, na watengenezaji wa magari ambayo yamekusudiwa kuvuta trela huacha kwenye mihimili hiyo matundu maalumu kwa ajili ya bolti za tobaa. Matundu hayo kwa kawaida yamefunikwa kwa vizibo vya plastiki au utepe, na mwenye gari anaweza kukaa nalo miaka kumi bila kujua kwamba yapo. Zaidi ya hayo, mihimili ya magari ya kisasa imetengenezwa kwa chuma cha nguvu ya juu ambacho joto la kuchomelea hukidhoofisha, kwa hiyo hata fundi hodari anayechomelea kwenye mhimili badala ya bati anaweza kuliacha gari likiwa dhaifu kuliko alivyolikuta.

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari anapaswa kusoma kibati cha mtengenezaji, ambacho katika magari mengi huwekwa kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Magari yaliyoundwa kwa soko la Ulaya huwa na namba nne za uzani kwenye kibati hicho. Ya kwanza ni uzani wa juu kabisa wa gari likiwa na abiria na mizigo. Ya pili ni uzani wa juu wa gari na trela kwa pamoja. Ya tatu na ya nne ni kikomo cha ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiitoa ya kwanza kutoka kwa ya pili, unapata uzani wa trela ambao gari lililojaa linaruhusiwa kuvuta. Ikiwa namba ya pili haipo, basi mtengenezaji hakulikusudia gari hilo kuvuta chochote, na hapo mjadala umekwisha, hata kama injini ina silinda nane.

Nalisema hili kwa sababu magari mengi ya hadhi katika barabara za Nakuru na Kisumu hayakutoka Ulaya bali Japani. Toyota Crown na Mark X ni magari mazuri, yenye nguvu na utulivu, lakini yaliundwa kwa soko ambalo watu wachache sana huvuta trela kwa saluni, na vibati vyake havitaji trela. Hata Mercedes au BMW iliyouzwa kwanza Japani inaweza kuwa na kibati kisicho na namba ya trela, wakati ndugu yake wa kiwanda kimoja aliyeuzwa Uingereza anayo. Wauzaji wetu wangewatendea wanunuzi hisani kubwa kwa kupiga picha kibati hicho na kuiweka pamoja na zile picha za viti vya ngozi.

Namba ya kibati nayo si ya kuchukuliwa jinsi ilivyo katika milima yetu. Watengenezaji kadhaa wa Ulaya huelekeza katika vitabu vya gari kwamba uzani wa msafara mzima, yaani gari na trela kwa pamoja, upunguzwe kwa asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa injini hupata hewa hafifu zaidi huko juu. Kisumu iko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru zipatazo 1,850, na kati yake barabara hupanda hadi Mau Summit, ambako mwinuko unazidi mita 2,400. Anayetoka ziwani na trela akielekea Nakuru kupitia Kericho anapanda zaidi ya mita 1,200, kisha anateremka Sachangwan na Salgaa akiwa na trela inayomsukuma kwa nyuma. Gia otomatiki hupata joto jingi katika upandaji wa namna hiyo, na baadhi ya magari ya BMW yanayotoka kiwandani yakiwa na tobaa huwekewa feni yenye nguvu zaidi ya kupooza injini, jambo ambalo anayefunga tobaa baadaye hukosa kulifikiria.

Baada ya kibati, niliipima trela. Niliipeleka tupu, kisha ikiwa imejaa, kwenye mizani ya wanunuzi wa nafaka, na nikaaibika. Nilikuwa nimejiambia kwamba viti vya plastiki ni vyepesi, na kimoja kimoja ni vyepesi kweli, lakini viti 200 vilikaribia kilo 500, mabomba na turubai la hema vikaongeza 150, na trela yenyewe ilikuwa na kilo 260. Jumla yake ilikuwa kilo 910. Barani Ulaya trela inayozidi kilo 750 ikiwa imejaa lazima iwe na breki zake yenyewe, na magari mengi ya daraja langu yana kikomo hicho hicho cha kilo 750 kwa trela isiyo na breki. Yangu haikuwa na breki. Kwa hiyo kabla hata ya tobaa mpya nililazimika ama kupunguza viti ama kuwekesha ekseli yenye breki, ile ambayo hujikaza trela inapoanza kulisukuma gari. Nilichagua ekseli.

Kuna uzani mwingine ambao watu huusahau, nao ni ule unaokandamiza tufe kwa chini. Kwa saluni nyingi kubwa kikomo chake ni kati ya kilo 75 na 100. Ukiwa mdogo mno, trela huanza kuyumba kama mkia wa mbwa mara tu mwendo unapozidi. Ukiwa mkubwa mno, nyuma ya gari huzama, taa za mbele hutazama angani, na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko. Kipimo kinachopendekezwa aghalabu ni asilimia 5 hadi 7 ya uzani wa trela iliyojaa, ambacho kwa trela yangu ni kati ya kilo 46 na 64. Mimi hupima kwa mizani ya bafuni na kipande cha mbao kilichokatwa kwa urefu wa kukifikisha kikombe cha trela, yaani kile kinacholifunika tufe, kwenye kimo cha tufe. Mke wangu amenunua mizani nyingine ya ndani.

Sasa tobaa yenyewe. Ile ya kweli huja na kibati chake, na juu yake pameandikwa aina ya gari, alama ya idhini yenye herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha, ambapo 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi na 11 ni Uingereza, kikomo cha uzani wa kukandamiza tufe, na thamani inayoitwa D inayotajwa kwa kilonyutoni. Thamani ya D ndiyo ya kutazamwa zaidi, kwa kuwa hueleza nguvu ambayo chuma kinaweza kustahimili kati ya gari na trela. Huhesabiwa kwa kuzidisha uzani wa gari kwa uzani wa trela, vyote kwa tani, kugawanya kwa jumla yake, kisha kuzidisha kwa 9.81. Gari la tani 2.2 lenye trela ya tani 1.5 linahitaji D ya takriban 8.75, likivuta tani moja tu linahitaji 6.74. Hakuna mchomeleaji anayeweza kukupa namba hiyo kwa bomba lake, kwa sababu bomba lake halijawahi kuvutwa kwenye mtambo wa majaribio.

Tufe la Ulaya lina kipenyo cha milimita 50. La Marekani la inchi mbili lina milimita 50.8, na tofauti hiyo isiyofikia hata milimita moja inatosha kulifanya likwame au lisifungike sawasawa katika kikombe cha milimita 50, kwa hiyo mwenye kununua tufe lililotumika aende na kipimo. Tufe lililolika hadi milimita 49 ni la kutupwa. Katikati ya tufe panapaswa kuwa kati ya milimita 350 na 420 kutoka chini gari likiwa limebeba mizigo, na ndiyo maana saluni iliyoshushwa springi kwa ajili ya urembo haifai kuvuta trela.

Kuna tobaa ambayo tufe lake hufungwa kwa bolti mbili kwenye bamba, kuna ile ya shingo ya bata isiyotoka, na kuna ile ambayo shingo yake hung'olewa kwa ufunguo na kuwekwa ndani ya buti. Ya bamba ni ya bei nafuu na tufe lake hubadilishwa kwa urahisi. Mimi nilichukua ya kung'olewa, nayo ni ghali, lakini gari la kifahari lenye vihisi vya kuegesha hulia mfululizo likiona chuma nyuma yake, na katika mji wenye wanunuzi wengi wa vyuma chakavu sioni busara ya kuacha kilo kadhaa za chuma kizuri zikining'inia nje usiku kucha. Wapo pia wanaofunga tufe bila kuwa na trela, ili matatu na bodaboda zisilibusu bampa lao. Hao wajue kwamba bampa limeundwa lijikunje na kumeza kishindo, ilhali tufe hukipeleka kishindo hicho moja kwa moja kwenye mihimili ya gari, na ukarabati wa mhimili si wa kulinganishwa na wa bampa.

Yangu ilifungwa Nakuru, na fundi mwenye subira ambaye alianza kwa kusoma karatasi ya maelekezo yote kabla ya kugusa spana. Nilikaa hapo siku nzima nikitazama. Alitoa bampa, akaondoa boriti ya alumini iliyo nyuma yake, akaingiza mikono ya tobaa ndani ya mihimili na kupata matundu ya kiwanda mahali pale pale karatasi iliposema. Hakutoboa tundu hata moja jipya. Bolti zilikuja pamoja na tobaa, zenye alama ya daraja vichwani, naye alizikaza kwa spana yenye kupima nguvu ya mkazo, akipiga alama ya rangi kila alipomaliza moja. Alipuliza nta ya kuzuia kutu ndani ya mihimili, akakata ufa mdogo chini ya bampa kwa kufuata ruwaza ya karatasi, na kuniagiza nirudi baada ya kilomita 1,000 ili azikaze bolti tena. Sakafu ya buti iliyopasuka ilikuwa imeshanyooshwa na kuzibwa, ingawa kovu lake bado linaonekana ukiinua zulia.

Umeme ulichukua muda mrefu kuliko chuma. Katika gari la zamani fundi alikata waya wa taa ya nyuma na kuunganisha waya wa trela, basi. Gari la kisasa hupeleka mkondo mdogo kwenye taa ili kukagua kama zi nzima, na likikuta mzigo ambao halikuuzoea hutoa onyo kwenye dashibodi, na wakati mwingine huunguza kidhibiti chake cha taa, ambacho bei yake inaweza kushinda ya tobaa yenyewe. Njia salama ni kisanduku cha relei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, kinachopata umeme wake moja kwa moja kutoka kwa betri kupitia fyuzi yake, au, iliyo bora zaidi, nyaya zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo hilo ambazo huzungumza na kompyuta yake. Hiyo ya pili huhitaji kompyuta iambiwe kwamba sasa kuna trela. Ikishaambiwa, vihisi vya nyuma hunyamaza trela inapochomekwa, na katika magari yenye uwezo huo breki za gari hukaza gurudumu moja moja ili kuituliza trela inayoyumba. Soketi ina pini 7 au 13, na katika zote mbili waya mweupe wa pini ya 3 ndio wa ardhi, yaani wa kurudisha umeme kwenye gari. Taa za trela zikianza kuchezacheza, ukiashiria kushoto na breki ikawaka, anza kwa kuukagua huo.

Trela nayo ni chombo chenye usajili wake, chenye namba inayoanza kwa herufi Z, hata kama imetengenezwa mtaani, na kampuni ya bima inapaswa kuarifiwa kwamba gari linavuta. Nimeona trela nyingi zikiwa na kipande cha kadibodi chenye namba ya gari iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

Kwa msomaji ambaye tayari ana tobaa ya kuchomelea na harusi au mazishi ya Jumamosi hii yanamngoja, ningemwomba atoe kila kitu ndani ya buti, ainue zulia na gurudumu la akiba, aingie chini na tochi, na aisugue rangi kando ya mchomeleo kwa brashi ya waya. Ufa huanzia pale pale ukingoni, mwembamba kama unywele, na mara nyingi hujionyesha kwa mstari wa kutu kabla haujaonekana wenyewe. Akiuona, viti visafiri kwa pikapu ya kukodi.

Msomaji wako,
Milimani, Kisumu